Ngozi ya Kitunguu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mwalimu yuko mbele ya meza ya mama mboga kando ya reli, Laini Saba, akifinya vitunguu. Anachukua kimoja, anabonyeza shingo yake kwa kidole gumba, anakirudisha. Anachukua kingine. Kitunguu kilicholala guniani wiki mbili kinapikika vizuri tu, lakini ngozi yake ya ndani hunata na kukatika vipande, na anachokitafuta hakiendi jikoni. Anataka kizito, kigumu, chekundu, ambacho maganda yake bado yamejaa maji. Akikipata analipa, anaongeza kiazi kimoja na maharagwe ya kiganja, kisha anavuka hadi dukani kununua yai moja na mafuta ya kupima ya shilingi kumi, ndani ya chupa aliyokuja nayo. Hakuna anayemuuliza anapika nini. Wameshamzoea.

Siku tatu za wiki anafundisha biolojia hapa Kibera, siku mbili yuko Kawangware, katika shule mbili ndogo za sekondari zinazofanana kama ndugu: kuta za mabati, madirisha ya wavu, karo inayolipwa kidogo kidogo. Hakutaka nimtaje jina wala nizitaje shule zake. Wanafunzi wanamwita Madam, wenzake wanamwita Mwalimu, nami nilimwita hivyo kwa wiki mbili nilizokaa nyuma ya madarasa yake, kwenye benchi lenye mguu mmoja mfupi. Hakuna shule yenye maabara kati ya hizo mbili. Maabara ni sanduku la bati la rangi ya buluu, la aina wanayobeba watoto waendao shule za bweni, ambalo fundi mmoja wa jua kali alilitengenezea vyumba vya mbao kwa ndani.

Analifungua mbele ya darasa na kupanga vitu mezani bila kuongea. Hadubini moja, iliyofungwa kwa taulo. Slaidi kumi na mbili. Vifuniko vya slaidi, vipande vya kioo vyembamba kama kucha ya mtoto mchanga, ndani ya kikopo cha vidonge. Nyembe mbili, kibano, sindano ya kushonea iliyochomekwa kwenye kipande cha kalamu. Mirija minane ya majaribio. Kipimajoto. Dropa tatu. Kigae cheupe cha bafuni. Chupa za dawa zenye lebo alizoandika kwa mkono na kuzifunika kwa selotepu ili maji yasifute maandishi. Na mfuko wa shanga, ambao kazi yake sikuielewa hadi wiki ya pili.

Katika mtaala wa 8-4-4 seli ilifundishwa Kidato cha Kwanza. Hawa ni wa Kidato cha Nne. Walipokuwa Kidato cha Kwanza waliichora seli kutoka ubaoni, na ubao ulikuwa umechorwa kutoka kitabuni, na kitabu bila shaka kilikuwa kimechorwa kutoka kitabu kingine. Sasa karatasi ya tatu ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ile ya vitendo, iko mbele yao: alama 40, saa moja na dakika arobaini na tano, na hakuna ubao wa kunakili.

Mwalimu anakata kitunguu kwa urefu, kutoka shingoni hadi kwenye mizizi, kisha anakikata tena kuwa robo. Anaibandua robo moja ganda kwa ganda. Ganda la nje kabisa limekauka. La katikati kabisa ni changa na limejikunja mno. Anachukua la tatu. Kwenye upande wake wa ndani, ule uliobonyea, anachora mraba mdogo kwa ncha ya wembe, nusu sentimita kila upande. Kukata hakati, wembe unapita juu ya ganda kwa uzito wake wenyewe, bila mkono kuukandamiza. Kisha anaweka wembe chini, na ndipo anashika kibano. Kinashika pembe moja ya mraba na kuvuta kuelekea pembeni, karibu kulala sambamba na ganda. Ukivuta juu, ngozi inakuja na nyama. Ukivuta pembeni, inaachia yenyewe, na kinachobaki kwenye ncha za kibano ni kitu ambacho huwezi kukiona vizuri mpaka kishike mwanga: utando usio na rangi, wenye unene wa seli moja.

Tone la maji lilikuwa limekwisha kuwekwa kwenye slaidi kabla hajagusa wembe. Nililiona hilo siku ya pili tu. Ngozi isingoje maji, maji ndiyo yaingoje ngozi. Ikikaa hewani hata kwa muda mfupi hujikunja kama karatasi iliyokaribia moto, na ikishajikunja huwezi kuinyoosha bila kuichana. Anailaza juu ya tone, anaikunjua pembe kwa sindano, anaongeza tone moja la iodini ya duka la dawa. Halafu kifuniko. Ukingo wake mmoja unagusa slaidi kwanza, kando ya tone, nacho kimeinama nusu. Sindano inashikilia ukingo wa pili na kuushusha taratibu, maji yakitangulia na kusukuma hewa nje. Kipande cha tishu kinanyonya maji yaliyozidi. Shughuli yote ilichukua dakika nne, na darasa zima lilikuwa limesimama.

Kisha akawapa wao kitunguu.

Vipande vya kwanza vilikuwa vinene. Kimoja kilikuwa na nyama ya kutosha kukaangia yai. Nilidhani angevitupa, lakini aliviweka kwenye slaidi kama vilivyo, akavifunika kwa uangalifu ule ule, akaweka slaidi hizo pembeni. Baadaye kila aliyekata kinene aliangalia kipande chake chini ya lenzi na kukuta weusi mtupu, kwa kuwa mwanga haukupata njia ya kupenya. Hakuambiwa amekosea. Alirudi mezani, akachukua wembe, akakata upya.

Mwanga wenyewe ni kazi nyingine. Chumba kina giza, umeme ni wa tokeni na tokeni zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo meza ya hadubini husogezwa hadi mlangoni. Hadubini hii ni ya kioo, si ya balbu. Mwalimu anaigeuza sahani ya kioo chini ya jukwaa huku jicho lake likiwa juu, akitafuta si jua lenyewe, kwa maana litaumiza jicho, bali ukuta wa jirani uliopakwa chokaa. Ukuta ule ndio taa yake. Kabla ya saa nne una kivuli. Baada ya saa sita unawaka mno. Ratiba ya biolojia katika shule hii ilipangwa kufuata ukuta wa mtu ambaye, nadhani, hajui.

Kulenga kuna utaratibu ambao hauvunji. Kwanza lenzi fupi kabisa, ile inayokuza kidogo. Kichwa kinashuka hadi usawa wa meza, jicho linatazama kwa pembeni, na kifundo kikubwa kinateremsha lenzi mpaka ikaribie kugusa kifuniko. Hapo ndipo jicho linapopanda kwenye lenzi ya juu, na kuanzia hapo kifundo kinazungushwa upande mmoja tu, wa kuinua. Anayelenga kwa kuteremsha huku jicho likiwa juu hajui lenzi iko umbali gani na kioo, na atajua atakaposikia mlio. Slaidi ni kumi na mbili. Zilikuwa kumi na mbili pia mwaka jana.

Treni ikapita. Reli hii ilifika Kisumu mwaka 1901, na mtaa ulikua kandokando yake mpaka mabati ya nyumba na behewa vinakaribia kugusana. Sakafu ikatetemeka, meza ikatetemeka, picha kwenye hadubini ikawa uji. Mwalimu alitoa mikono yake mezani na kuikunja. Wanafunzi nao wakakunja mikono. Mabehewa yalipokwisha wakaendelea, bila neno.

Aliyeona wa kwanza alipiga kelele ya furaha: duara kubwa, jeupe, lenye ukingo mweusi mnene. Ni lile povu la hewa ambalo, nikikumbuka vizuri, mimi mwenyewe nililichora nikiwa na miaka kumi na sita na kuliandika "seli" kwa fahari. Mwalimu hakusema si hilo. Alimwambia asogeze slaidi kidogo kulia na aseme tena anaona nini.

"Matofali, Madam."

"Yamekaaje?"

"Yamebanana. Hayana nafasi katikati."

"Na ndani ya tofali?"

Kimya kirefu. Aliacha kirefuke. "Kuna kitone. Cha kahawia. Kiko pembeni." Kisha, baada ya kusogeza tena: "Kila tofali lina chake."

Hapo nilitarajia jina, na halikuja. Kwa kipindi kizima cha dakika themanini Mwalimu hakutamka ukuta wa seli, utando, saitoplazimu wala kiini. Wanafunzi walikuwa wanayajua maneno hayo kwa Kiingereza tangu Kidato cha Kwanza, walikuwa wakiyaandika kwenye majaribio na kuyakosea, lakini aliwazuia kuyatumia. Waliruhusiwa kusema walichokiona tu. Mmoja alisema ramani ya ploti. Mwingine alisema bati lenye mikunjo lililotazamwa kutoka juu. Arobaini na moja walipita mbele ya lenzi ile mmoja mmoja, na aliyetaka kurudi mara ya pili alirudi foleni. Majina yalikuja kesho yake, na yalipokuja kila moja lilikuta mahali pa kukaa.

Neno lenyewe la seli aliliachia Robert Hooke, Mwingereza aliyekata kipande chembamba cha gome la mti, lile la kutengenezea vizibo vya chupa, akakitazama kwa hadubini na kuchapisha alichokiona mwaka 1665. Aliona vyumba vitupu, akaviita kwa jina la vyumba vidogo wanavyoishi watawa. Darasa lilicheka, kwa kuwa seli wanayoijua wao haina mtawa ndani, ina polisi mlangoni. Mwalimu aliwaacha wacheke, kisha akauliza swali ambalo limenikaa: kwa nini vyumba vya Hooke vilikuwa vitupu na vya kitunguu chetu vina kitone? Aliyejibu ni msichana aliyekuwa akilala usingizi nusu ya kipindi. Gome lake lilikuwa limekufa, alisema. Kitunguu chetu bado kiko hai.

Siku hiyo ya pili walipima. Rula ya plastiki iliyo wazi huwekwa chini ya lenzi fupi, na milimita zinahesabiwa kutoka ukingo mmoja wa duara la mwanga hadi mwingine: nne. Rula inatolewa, slaidi inarudi, na seli zinahesabiwa zikiwa zimepangana kwa urefu katika duara lile lile: kumi na sita. Milimita nne ni maikromita 4,000, gawanya kwa kumi na sita. Maikromita 250, robo milimita. Kulikuwa na mvulana aliyeangalia ncha ya penseli yake kwa muda mrefu baada ya hesabu ile.

Kuchora kwake ni sheria za fundi seremala. Penseli kali, mstari mmoja usiokatika, hakuna kutia kivuli, hakuna kupaka rangi. Seli tatu zinatosha, si thelathini. Mistari ya majina inapigwa kwa rula, haina vichwa vya mishale, haivukani, na ncha yake inagusa kile kinachotajwa, haiishii karibu nacho. Alipita kati ya madawati na kifutio mkononi. Hakufuta kitu cha mtu yeyote. Alikuwa akikiweka tu mezani kimyakimya, na mwenye mchoro akawa anatafuta mwenyewe kwa nini.

Onyesho la mwisho la kitunguu ndilo nililipenda zaidi. Safari hii alibandua ngozi ya upande wa nje, ile nyekundu, ambayo rangi yake imo ndani ya mfuko wa maji wa kila seli, kwa hiyo haihitaji iodini. Darasa likaona matofali ya zambarau yaliyojaa hadi kingo. Kisha, bila kuondoa slaidi kwenye jukwaa, aliweka tone la maji ya chumvi upande mmoja wa kifuniko na kipande cha tishu upande wa pili. Tishu ilinyonya maji, chumvi ikafuata chini ya kioo. Aliyekuwa kwenye lenzi aliambiwa asimulie kama mtangazaji wa mpira. "Bado... bado... inaachia pembeni. Inarudi nyuma. Inajikunja, ukuta umebaki pale pale!" Zambarau ilikuwa imesinyaa katikati ya tofali, na kati yake na ukuta kukawa na nafasi nyeupe. Akarudisha maji matupu kwa njia ile ile. Rangi ikatanuka polepole na kugusa ukuta tena. Nje, mama mboga alikuwa akinyunyizia sukuma wiki maji ili zisinyauke, na wanafunzi wawili waliokuwa karibu na mlango walimtazama, wakatazamana.

Nisieleweke vibaya. Sipendi sifa zinazomwagiwa ufukara, wala picha za watoto wakitabasamu kando ya mtaro. Maabara ni bora kuliko sanduku, na Mwalimu angechukua hadubini nane kesho asubuhi bila kuuliza zimetoka wapi. Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi wa Keriko huko Nakuru aliyeshinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, alifundisha katika shule yenye kompyuta moja. Nilisikia wengi wakiisifu kompyuta ile moja, wachache wakiuliza kwa nini hazikuwa mbili. Ninachokisifu hapa ni mikono.

Vipimo vya vyakula vilichukua kipindi kimoja, na sitavieleza vyote. Karatasi iliyofungiwa mandazi, ikishikwa kwenye mwanga, inaonyesha doa linalopitisha nuru. Kila mtoto wa Nairobi amelijua doa hilo kabla ya kujua kusoma, na ndicho kipimo cha mafuta. Sukari ilipashwa moto pamoja na dawa ya Benedict ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, ikapita kijani, manjano, rangi ya chungwa, ikatua kwenye wekundu wa tofali. Lakini protini nitakaa nayo kidogo. Ute wa yai umekorogwa na maji, umewekwa kwenye mrija, umeongezewa hidroksidi ya sodiamu kwa kiasi sawa. Kinachofuata ni mrututu, ule ule waliotibia vidonda wazee wa pwani, ulioyeyushwa kwa kipimo cha asilimia moja. Vitabu vinasema tone kwa tone. Wengi humwaga.

Mwalimu aliishika dropa wima, akaikamua mpaka tone likaning'inia, akangoja lianguke lenyewe. Akatikisa mrija. Hakuna kitu. Tone la pili. Akatikisa. Kivuli cha rangi kilipita na kutoweka. Tone la tatu, na zambarau ikatokea chini, ikapanda, ikabaki. Kisha akachukua mrija wa pili ulioandaliwa sawasawa, akamwaga mrututu wote kwa mara moja. Ukawa buluu. Protini ilikuwemo mle kama katika mrija wa kwanza, ila buluu ya mrututu ilikuwa imeifunika. Aliweka mirija miwili kando kwa kando kwenye ukingo wa dirisha na kuiacha hapo siku nzima. Mabaki aliyamimina kwenye chupa yenye kifuniko, akaifunga ndani ya sanduku. Mtaro wa nje una kuku na una watoto.

Alhamisi tulipanda matatu ya 46 kwenda Kawangware, sanduku likiwa magotini mwake na si kwenye buti, ingawa makanga alilitaka.

Huku somo lilikuwa la vimeng'enya. Hapa natoka nje ya mstari kidogo. Mtihani unataka jina la Kiingereza, na Mwalimu hufundisha kwa Kiingereza mpaka mahali pagumu, kisha huhamia Kiswahili, na pakizidi ugumu, Sheng. Lakini neno kimeng'enya halihitaji maelezo: ni kitu kinachomeng'enya. Jina la Kiingereza lazima likaririwe. La Kiswahili linajieleza. Ni hazina ambayo shule zetu zimeiacha uvunguni.

Karibu na shule kuna kijana muuza chipsi ambaye huloweka viazi vilivyokatwa ndani ya ndoo, na maji yake hugeuka meupe. Mwalimu aliomba kikombe kimoja cha maji hayo. Tone la iodini, na yakawa meusi yenye ubuluu: wanga. Wanga huo uliotulia chini ya kikombe aliuchemsha na maji safi mpaka ukawa kama uji mwepesi sana, akauacha upoe. Wanafunzi watatu walisukutua vinywa, wakashika maji ya uvuguvugu mdomoni kwa dakika moja, wakayatema kwenye bilauri. Kulikuwa na kicheko na kuchukizwa kwa kiasi kinachostahili. Nusu ya mate yale ilichemshwa. Sufuria ya maji kwenye jiko la mkaa ikaletwa hadi nyuzi 37, na kazi ya mwanafunzi mmoja ilikuwa kuinua na kurudisha sufuria ili kipimajoto kisipande wala kushuka. Aliifanya kwa dakika ishirini bila kuinua macho.

Kwenye kigae cha bafuni Mwalimu aliweka matone kumi na mawili ya iodini, safu mbili, yote ukubwa mmoja. Mate na wanga vikachanganywa ndani ya mrija, mrija ukaingia kwenye maji, simu ikaanza kuhesabu.

Dakika ya kwanza: tone moja kutoka mrijani juu ya tone la kwanza la iodini. Jeusi. Dropa inaoshwa. Dakika ya pili: jeusi. Dropa inaoshwa. Ya tatu: jeusi. Mtu anapiga miayo. Dropa inaoshwa kwa uangalifu ule ule wa mara ya kwanza, na hapo ndipo nilipoona ufundi wenyewe, kwa sababu tone chafu la dakika ya tatu lingeidanganya dakika ya nne na hakuna ambaye angejua. Ya nne: jeusi, au karibu. Ya tano: zambarau ya kutia shaka. Waliokuwa wamekaa wakasimama. Ya sita: kahawia nyekundu. Ya saba: hudhurungi hafifu. Ya nane, iodini ilibaki na rangi yake ya manjano kama haikuguswa na kitu.

"Madam, imepotea!"

"Imeenda wapi?"

Hakujibu mtu. Akachukua kilichobaki mrijani, akakipasha moto pamoja na Benedict, na rangi ya chungwa ikapanda. Wanga umekuwa sukari. Mate yaliyochemshwa, kwenye mrija wake, yaliendelea kutoa tone jeusi hadi mwisho.

Kisha akatoa kifurushi cha karatasi: kimea cha wimbi kilichosagwa, kiungo cha watengenezaji wa pombe ya busaa. Vicheko vilikuwa vya watu wanaojua. Alirudia jaribio lote kwa maji ya kimea badala ya mate, matone mengine kumi na mawili, kuosha kule kule, na weusi ukapotea vile vile. Kimeng'enya cha kwanza kutengwa na wanasayansi kilitoka katika kimea. Ni Wafaransa wawili, Payen na Persoz, mwaka 1833. Mama aliyeloweka wimbi, akalifunika kwa gunia na kungoja lichipue alikuwa akikifanyisha kazi zamani kabla yao, na Mwalimu alisema hivyo kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma kipimajoto.

Shanga zilitoka wiki iliyofuata. Ni nyuzi mbili, kila moja na shanga 146, na kila aina ya asidi amino ina rangi yake; aina zinazojenga protini ni ishirini. Kila uzi ni mnyororo mmoja wa himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu. Himoglobini moja ina minyororo miwili ya aina hii na miwili ya aina nyingine. Alizitunga likizo ya Desemba, orodha ya mpangilio ikiwa kwenye magoti yake, na aliwahi kuzitungua na kuanza upya alipogundua amekosea ushanga wa tisini na kitu. Hakuna mwanafunzi ambaye angehesabu hadi tisini. Nilimwambia hivyo. Alinitazama kama nimependekeza kutomwosha mtoto mgongo.

Nyuzi zilipita kutoka dawati hadi dawati zikiwa zimelala sambamba. Tafuteni tofauti, ndilo agizo pekee. Ilichukua dakika kumi na moja. Aliyeipata aliweka kidole: ushanga wa sita. Kwenye uzi mmoja ni wa kijani. Kwenye mwingine ni mweupe, rangi ile ile ya ushanga wa kwanza. Mia moja arobaini na tano ni sawa. Ndipo akaeleza kwamba ushanga huo mmoja unazifanya himoglobini kushikana zinapokosa oksijeni, zikajipanga kama fimbo, na seli nyekundu ikapinda kama mundu. Selimundu. Vernon Ingram aliipata tofauti hiyo Cambridge katikati ya miaka ya 1950. Na Anthony Allison, aliyekulia Gilgil, alipima damu za Wakenya mwaka 1949 akakuta chembe ya urithi huo imejaa pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na ni adimu nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha sababu: anayerithi upande mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Nusu ya darasa lile kwao ni kando ya ziwa. Mvulana mmoja aliuliza kwa sauti ndogo kuhusu dada yake, na Mwalimu alikwenda kukaa naye dawatini, wakaongea mpaka kengele, uzi wa shanga ukiwa katikati yao.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa Kibera. Alikuwa akirudisha michoro ya kitunguu, na akasimama kwenye mmoja kwa muda mrefu. Mwenye mchoro hukaa nyuma kabisa na sikuwa nimemsikia akiongea. Seli tatu, mistari safi, majina yote mahali pake. Lakini ndani ya kiini alikuwa amechora nukta ndogo, nyeusi zaidi, ambayo hakuna aliyeitaja darasani, wala haikuwa kwenye ubao. Alikuwa amepiga mstari kwa rula kutoka kwenye nukta ile hadi pembeni mwa karatasi, na mwisho wa mstari hakuandika kitu.

Mwalimu alimwita mbele. Alitoa nusu ya kitunguu kilichobaki sandukuni, akampa wembe. Kijana akachora mraba, akaweka wembe chini, akavuta ngozi kwa pembeni. Maji yalikuwa yamekwisha kuwekwa kwenye slaidi. Ukuta wa jirani ulikuwa unawaka vizuri. Alitumia lenzi fupi, kisha ya kati, kisha ndefu, akazungusha kifundo kidogo kwa ncha za vidole, akasogea pembeni.

Mwalimu aliinama kwenye lenzi na kukaa hapo. Alipoinuka hakumwambia jina la nukta ile. Aliwaita wengine waje kuangalia, na foleni ilikuwa bado imefika mlangoni kengele ilipolia.